Mashavu ya Victorine

Mwaka ule mishahara ya reli ilipoanza kuchelewa miezi kwa miezi, na mafundi wa karakana wakawa wanapanda mihogo kando ya njia ya treni, mdogo wangu Victorine alianza kunenepa. Kalemie nzima ilikuwa inakonda: makarani wa biro, watu wa bandari, hata mbwa wa gare ya treni. Victorine peke yake alikuwa anafura kama andazi ndani ya mafuta. Na badala ya kuuliza mafuta hayo yanatoka wapi, watu walimpigia makofi.

Aliyeyapokea makofi ni mume wake. Edouard alikuwa karani katika biro ya mizigo, mwanaume wa kalamu tatu mfukoni, na kati ya hizo moja tu ndiyo yenye wino. Nyumbani tulimwita Edouard. Kazini, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, alikuwa citoyen Kabuya, yaani mwananchi Kabuya, na alipenda uliseme jina hilo kwa sauti ili watu wageuke. Mkuu wa biro yake alikuwa anakaribia kwenda pensheni, na Edouard alikitaka kile kiti kuliko alivyoutaka ufalme wa mbinguni. Kukitafuta kwa kufanya kazi vizuri hakukumjia kichwani hata siku moja.

"Mama Agnès," aliniambia siku moja nilipopita kwao na samaki, "mukubwa anajulikana kwa bibi yake. Bibi akiwa mukavu kama ndagala, ni nani atakupa biro?"

Mimi nauza ndagala, dagaa wa ziwa. Nilimwambia kwamba hiyo ndagala kavu ndiyo iliyokuwa inamshikilia yeye duniani, maana sahani iliyokuwa mbele yake ilitoka kwenye beseni langu. Akacheka, akala.

Sisi ni watoto wa mji wa Baraka. Tulishuka na ziwa tukiwa wasichana, mimi nikiwa na biashara kichwani, Victorine akiwa na uzuri wake. Ulikuwa uzuri mwembamba, wa shingo ndefu na mikono ya haraka. Kwa baba yetu wembamba huo haukuwa kosa. Kwa wakwe zake ulikuwa kosa, na mimba zilipokataa kukaa, ukawa kosa kubwa zaidi. Walimwita ufagio. Mama mkwe wake alikuwa akimwona anaingia anasema, "Ufagio umefika, mutafute takataka." Victorine alikuwa anacheka pamoja nao, kisha anakuja kwangu anakaa kimya mpaka jioni. Kwa hiyo mashavu yalipokuja, na watu wale wale wakaanza kumwita Mama Mukubwa, sikushangaa kwamba aliyapenda. Nilichoshangaa ni jinsi yalivyokuja bila chakula.

"Unakula nini, Victorine?"

"Sombe na bukari, Yaya," akaniambia, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Kama wewe."

"Majani ya muhogo na ugali mimi pia ninakula, na mifupa yangu inaonekana."

Akacheka. Akatoa chini ya kitanda mfuko wa plastiki wenye vinini, vidonge vidogo vyeupe, bila boksi, bila jina.

Vilitoka kwa Papa Jérôme. Papa Jérôme alikuwa anauza dawa ndani ya sanduku la nguo, karibu na soko, chini ya mwavuli uliokatika mbavu mbili. Zamani alikuwa mpishi kwenye meli. Siku moja meli ikamshusha Kigoma, na aliporudi alikuwa docta. Ndiyo shule yake yote: kuvuka maji. Vinini hivi aliviita vitamini ya mashavu, na wanawake wa wakubwa wa mji huu walikuwa wanatuma watu kwake kimya kimya, wakijifunika. Edouard hakujifunika. Alinunua mbele ya watu, kama mtu anayenunua nyama.

"Bazungu wanakulaka hizi," aliniambia. "Umeisha kuona Muzungu mwenye njaa?"

Kilichonichoma ni kwamba vinini vilikuwa bei rahisi kuliko chakula. Edouard alikuwa amegundua kwamba anaweza kununua mashavu ya mke aliyeshiba bila kumshibisha. Karani mzima, mwenye diploma ukutani.

Miezi ikaenda. Uso wa Victorine ukawa duara, mwekundu, unang'aa kama umepakwa mawese. Nyuma ya shingo ikaota nundu ya nyama. Tumbo likatangulia, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba safari hii Mungu amekumbuka. Edouard hakuwakanusha. Alikuwa anapokea pongezi za mtoto ambaye hayupo kama anavyopokea pongezi za chakula ambacho hakipo.

Ndipo wakubwa wa reli wakaja kutoka Lubumbashi kukagua. Kulikuwa na karamu, wanawake wa wafanyakazi wakavaa kitenge cha chama, wakacheza na kuimba kama ilivyokuwa lazima kuimba. Victorine aliwekwa mstari wa mbele. Nilikuwa pale kwa sababu samaki wa karamu walikuwa wangu. Mkubwa mmoja, mwenye koti la abakosti lililombana tumboni, alimtazama, akamgeukia Edouard.

"Citoyen Kabuya, kwako kunaliwa."

"Tunajitahidi, chef," akajibu Edouard, na nusura aguse chini kwa kuinama.

Baadaye wanawake walikaa kwenye vibao vya chini kupumzika. Ngoma ilipoita tena, wote waliinuka isipokuwa Victorine. Alijaribu. Akaweka mikono magotini, akasukuma, akarudi chini. Mara ya pili akacheka kama mtu anayefanya mchezo. Mara ya tatu niliona jasho. Nilimshika kwapa nikamwinua, nikamtoa nje nyuma ya nyumba.

"Una nini?"

"Mapaja yangu hayanitii, Yaya."

Nikampandishia kitenge. Sitasahau nilichokiona. Chini ya lile tumbo kubwa kulikuwa na miguu ya korongo. Mapaja yalikuwa yamekauka, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na mabaka meusi kila mahali alipogusa meza au mlango. Tumboni ilipita mistari ya zambarau, mipana kama kidole, kama mtu aliyekwaruzwa na chui.

"Victorine, hii si afya."

"Wananiheshimu," alisema. Akashusha kitenge, akakilainisha kwa mikono. "Miaka yote ile hakuna aliyeniheshimu."

Ningeweza kumpiga. Ningeweza kulia pia. Nilimwambia tu aache vile vinini vya Jérôme, akaniambia ataviacha mume wake akipata kiti.

Mume wake hakupata kiti. Wakubwa wa Lubumbashi walikula samaki, wakasifu mashavu, wakampa kiti mwanaume mwingine, mume wa Mama Bertille, ambaye mke wake alikuwa mwembamba kama sindano lakini yeye mwenyewe alikuwa na mjomba kati ya wakubwa wa Lubumbashi. Edouard alikaa na hasira kwa siku kadhaa. Kisha akafanya kile ambacho wanaume wa namna yake wanakifanya: akapunguza matumizi.

"Vinini basi," alimwambia mkewe. "Vilikuwa kazi bure."

Akavikata siku hiyo hiyo, kama mtu anayefukuza mtumishi.

Wiki haikuisha, Victorine akaanza kutapika. Akionja maji anatapika, akisimama anaona giza. Mgongo unauma, mwili umelegea kama nguo iliyolowa. Edouard akasema ni malaria. Malaria ilipokataa dawa ya malaria, akasema ni Bertille. Ndiyo, mke wa mwenye kiti! Eti Bertille alikuwa ameuona uzuri wa Victorine kwenye karamu, akamroga. Ebu fikiria: mwanamke ambaye mume wake amekwisha kushinda, anamroga mke wa aliyeshindwa. Lakini watu wa mtaa walitikisa kichwa kwa uzito mkubwa. Uchawi una sifa hii moja, kwamba haudai akili ya anayeueleza.

Nilipofika asubuhi nilikuta Papa Jérôme ameketi kando ya kitanda, ameleta chupa ya dawa ya kuharisha.

"Tumbo lake limejaa uchafu," alisema. "Tumufungue tumbo."

"Amekuwa anatapika tangu juzi. Unataka kufungua nini?"

"Mama, mimi ni docta."

"Wewe ni mpishi," nikamwambia, "na hata upishi walikushusha." Nikamwaga ile dawa mlangoni.

Edouard akaanza kusema kuhusu heshima ya nyumba yake. Nilimwacha na heshima yake. Nikaita mwanaume wa pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, aliyekuwa anapeleka magunia bandarini, tukamlaza Victorine juu ya magunia matupu, tukamsukuma mpaka hospitali. Njia nzima macho yake yalikuwa nusu wazi. Nilikuwa nashika mkono wake, na mkono ulikuwa baridi wakati jua linapasua mawe. Edouard alitufuata nyuma, mbali kidogo, asionekane kwamba ni yeye anayesukuma mke wake kwa pusipusi.

Munganga wa hospitali alikuwa Célestin, mtu mfupi, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, asiyejua kusema pole. Nilimpenda mara moja. Alimtazama Victorine usoni, akabonyeza shingo, akapima presha ya damu kwa ile mashine ya mkono, akaipima tena. Akainua kitenge, akaona mistari. Akageuka.

"Anakunywaka nini?"

"Vitamini, docteur," akasema Edouard.

"Sikukuuliza jina ulilopewa. Nimeuliza anakunywa nini."

Nilikuwa nimeuchukua ule mfuko wa plastiki. Kulikuwa na vinini viwili vilivyobaki pembeni. Munganga akavitazama kwenye kiganja, akasoma herufi ndogo zilizochorwa juu yavyo.

"Kortizoni," alisema. "Aliacha lini?"

Edouard akasema ni wiki hii tu, na kwamba aliacha mara moja, kwa sababu ya hali ya maisha. Munganga alikuwa amemgeuzia mgongo. Alikuwa tayari anaita sindano, maji ya chumvi, maji ya sukari. Akamchoma mwenyewe kwenye mshipa. Akasimama pale mkono kiunoni akitazama matone yanavyoshuka, na sisi tukasimama pia.

Ilikuwa bado haijafika saa ya chakula cha mchana Victorine alipofungua macho, akanitambua, akasema ana njaa. Miezi yote ile sikuwahi kulisikia neno lililonifurahisha hivyo. Nilitoka nje nikalia kwenye ukuta, halafu nikanawa uso nikarudi, maana nilitaka kusikia.

Munganga alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa anasema na Edouard. Alikuwa anasema na Victorine, polepole.

"Mama, juu ya kila figo yako kuko kitezi kidogo, kama kofia. Kila asubuhi kinatuma mujumbe ndani ya damu. Ule mujumbe anafika kila pahali: kwa maini, kwa nyama, kwa ubongo. Na kila pahali anakuta kipokezi chake, kitu kidogo sana, kimetengenezwa kwa ajili yake. Asipokamata pale, maneno yake hayasikiki. Akikamata, muili unatii. Unatoa sukari. Unashikilia presha ya damu isianguke. Unatuliza uvimbe. Kama hana pahali pa kukamata, au kama hatumwi, muntu anakufa. Ndiyo vile tulivyoumbwa."

"Na vinini?" Victorine akauliza.

"Vinini vimeiga sura yake. Vinaingia pahali pake, vinakamata kwa nguvu kumupita, na havitoki haraka. Muili haujui kama anayeamuru ni mugeni. Ulisikia amri nyingi, ukatii zote. Ukavunja nyama ya mapaja, ukafanya sukari. Ukapeleka mafuta kwa uso, kwa shingo, kwa tumbo. Mama, hukunenepa. Muili wako ulikuwa unakula miguu ili ujaze mashavu."

Nilimtazama Edouard. Alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani.

"Sasa," munganga akaendelea, "kichwani huko, kunako muchungaji wa mambo haya. Aliona vipokezi vimejaa kila siku, akakiambia kitezi: lala, kazi iko inafanyika. Kikalala. Kikanyauka. Halafu siku moja mutu anaondoa vinini vyote. Vipokezi vinabaki vitupu, na kitezi kiko usingizini. Nani ataambia damu isianguke?"

"Kwa hiyo vinini ni sumu," nikasema.

"Hapana, Mama. Ningekuwa navyo vya kutosha ningefurahi. Muntu mwenye asma, ile pumu, anayekaribia kufa, navyo tunamurudisha. Mwenye viungo vimevimba hawezi kushika kijiko, navyo anashika. Sumu ni kumupa muntu muzima ili apendeze kwa karamu." Hapo ndipo alipomgeukia Edouard. "Na ataendelea kuvinywa. Kila siku, kwa saa yake, na nitavipunguza kidogo kidogo mpaka kile kitezi kiamke. Inaweza kuchukua mwaka. Akikosa, utamuleta hapa maiti."

Macho ya Edouard yakawaka. Sitanii. Yaliwaka.

"Basi ni dawa!" akasema. "Si nilisema? Mama Agnès, si nilikuambia ni dawa? Hata docteur anamupa!"

Chumba kilikuwa na wagonjwa wanane na wote wakageuza vichwa. Munganga Célestin alimtazama kwa muda, kama unavyotazama kifaa usichojua kinatumika kwa kazi gani. Kisha akainuka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Edouard alikuwa ameelezwa kwa maneno ambayo mbuzi wa pale uani angeyaelewa, na alichokibeba ni ushindi.

Victorine alitoka hospitali akaja kwangu, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa na subira ya vinini. Kila asubuhi baada ya uji nilimpa mkononi, nikasimama mpaka ameze. Munganga akapunguza, akangoja, akapunguza tena. Mara moja alipunguza haraka, Victorine akalegea, wakarudi kwenye kipimo cha nyuma. Uso ulianza kushuka mwisho wa mvua. Kwanza nilidhani ni macho yangu, kisha siku moja akacheka nikaiona ile taya ya mama yetu. Mistari ya tumbo ikabaki, imegeuka rangi ya majivu. Mapaja yalirudi polepole, kwa kupanda na kushuka njia ya ufukweni nikiwa mbele yake na beseni.

Edouard alikuja kumchukua wakati huo. Alivaa shati la biro. Alisimama mlangoni, akamtazama mke wake mara mbili, na nikaona uso wake ukianguka.

"Umekonda," alisema.

"Nimepona," akasema Victorine.

"Hapana, ni vizuri, lakini... watu watasema ninakunyima chakula."

"Ulikuwa unaninyima."

"Victorine! Mbele ya shemeji?"

"Shemeji ndiye aliyekuwa anatulisha. Edouard, ulinilisha vinini kwa sababu vilikuwa rahisi kuliko samaki wa mikebuka. Nami nilivinywa kwa sababu nilichoka kuitwa ufagio. Wajinga wawili. Lakini ulipovikata, hukuniuliza ninajisikiaje. Hata mtu anayezima taa anaangalia kama kuna anayesoma."

Edouard akaomba maji, akanywa, akaondoka. Alirudi mara mbili na wazee. Wazee walikula samaki wangu, wakasema maneno ya wazee, na Victorine akawajibu kwa adabu kwamba hatarudi. Baada ya Pasaka tulisikia Edouard amepata mwanamke wa Manono, mnene kwa kuzaliwa. Bahati yake. Huyo hataki gharama.

Mama Bertille, yule mke wa mwenye kiti, alikuwa haji tena sokoni mwenyewe. Siku moja nilimwona mlangoni kwake. Sindano ilikuwa imekuwa mpira. Uso mwekundu, duara, unang'aa. Nilirudi nikamwambia Victorine, na nilimwambia nikicheka, maana nilikuwa nimechoka kuwahurumia wanawake wa wakubwa. Yeye hakucheka. Alifunga kitenge, akaenda.

Nilimfuata. Bertille alitupokea kwa soda na kiti cha kitambaa. Victorine hakuzunguka. Alisema yote: vinini, miguu, pusipusi, kitezi kinacholala. Bertille akasikiliza huku anajipepea.

"Pole sana, mama yangu," alisema mwishoni. "Lakini ninyi mulikuwa munanunua kwa Jérôme. Mimi bwana wangu ananiletea za Lubumbashi."

"Ni zile zile."

"Za Lubumbashi ziko na boksi."

Victorine akasimama, akafungua kitenge katikati ya sebule ile yenye mapazia ya velveti, akamwonyesha tumbo lake la mistari. Bertille alitazama. Alitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na pepeo lake likasimama. Kisha akasema mume wake anakaribia kurudi, na akatutoa.

"Mjinga," nikasema tulipofika barabarani. "Boksi!"

"Nilikuwa hivyo, Yaya."

"Wewe hukuwa na boksi."

Hapo alicheka, mpaka akajishikiza ukutani.

Bertille alikuja ufukweni baada ya siku nyingi kidogo, amejifunika kitambaa kichwani wakati wa jua kali, akijifanya anachagua samaki. Aliinua mkebuka, akauweka, akainua mwingine. Mapaja yalikuwa yanamtetemeka kwa kuinama tu.

"Ulisema," alinong'ona, bila kumtazama Victorine, "kwamba mutu hapaswi kuacha mara moja."

"Ndiyo, hapaswi. Usiache leo. Kamata boksi yako, tuende kwa Célestin."

"Atanitukana?"

"Atakutukana," akasema Victorine, akanawa mikono ndani ya maji ya ziwa. "Lakini atakueleza mpaka uelewe. Yaya, angalia samaki."

Nikaangalia samaki.